Msimamizi wa Mashine na Vikombe vya Saa Nne

Umeme ukikatika ofisini kwetu, kila mtu alikuwa na lake. Mama Elinami, aliyekuwa akipima uotaji wa mbegu, alisema "jamani" mara moja tu na kutoa sweta analofuma mkobani. Mimi nilisonya. Msimamizi wa mashine alisimama wima, akavua kofia yake ya sufu, akainamisha kichwa kwa muda wa kutosha sala fupi. Alikuwa anaziheshimu programu zilizokuwa zikikimbia dakika ile, ambazo sasa zote zimekufa kwa mpigo. Idadi yake alikuwa nayo kichwani.

"Ishirini na tatu," alisema akirudisha kofia. "Na hakuna hata moja iliyopata nafasi ya kuaga."

Miaka ile umeme ulikatika sana, kwa hiyo kofia ile ilivuliwa sana. Mgeni akikuta ofisi nzima gizani na mzee mmoja kichwa wazi, alidhani tumefiwa, na zaidi ya mara moja nimepokea pole nisiyostahili.

Nilifanya naye kazi miaka saba na sikumwita kwa jina hata siku moja. Hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Msimamizi, au Mzee, na hapa pia nitamwacha hivyo hivyo, kwa sababu kama bado anaweza kusoma maandishi madogo, hatapenda kujikuta gazetini.

Kampuni yetu ilikuwa ya mbegu, kule Themi, katika jengo lililokuwa la shirika la umma mpaka serikali ilipoanza kuuza vitu vyake. Tulirithi madawati ya chuma, bosi mmoja mnene, na mashine moja. Nasema moja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta yenyewe ilikaa katika chumba chenye nondo dirishani, na sisi saba tulikuwa na skrini na kibodi tu, zilizoungwa nayo kwa nyaya zilizopita darini. Wote tulifanya kazi kwenye mashine hiyo hiyo kwa wakati mmoja. Memori yake ilikuwa megabaiti thelathini na mbili, kiasi ambacho leo hata simu ya tochi ya mama mkwe wangu inakikaribia. Memori ikijaa, mashine ilianza kuhamishia vitu kwenye diski, ikakoroma, na ukibonyeza herufi moja uliweza kwenda chooni na kurudi kabla haijatokea kwenye skrini.

Kwa hiyo swali la nani anatumia memori kiasi gani halikuwa la kitaalamu kwetu. Lilikuwa la ujirani, na watu walinuniana kwa ajili yake.

Msimamizi alivaa koti la suti la kijivu, mtumba wa kuchagua, zuri kabisa. Chini yake alivaa buti za mpira, kwa sababu alishuka kila siku kutoka Akheri, huko juu mlimani, na matope ya kule hayajali suti. Buti alizivua mlangoni mwa chumba cha mashine akaingia na soksi. Kiswahili alikuwa amejifunza shuleni na kanisani, basi hata akiomba kiberiti ungedhani anasoma matangazo ya ibada. "Ndugu Mwanaidi, ninaomba kufahamu iwapo unacho kiberiti." Mimi nimekulia Kaloleni, kwenye nyumba ya watu wa Tanga na Kondoa, ambako mtu hasemi sentensi mbili bila utani ndani yake. Mwaka mzima wa kwanza nilidhani ananichukia. Nilikuja kugundua kwamba hata mashine aliisalimia vile vile, kila asubuhi, mkono juu ya kifuniko chake: "Habari za kulala?"

Tatizo la memori alilianza kwa njia ya kiungwana. Alipita meza kwa meza na daftari akimuuliza kila mtu anatumia kiasi gani. Wote saba tulijibu "kidogo tu, Mzee." Alijumlisha kidogo-tu zetu saba, akaitazama mashine iliyokuwa ikikoroma, akafunga daftari. Baadaye akajaribu kuziuliza programu zenyewe, maana nyingine zilikuwa na namna ya kujieleza. Nazo zilisema kidogo tu.

"Mtu akishaketi mezani huwezi kumuuliza amekula kiasi gani," alituambia siku hiyo kwenye chai. "Nitamuuliza anayeshika upawa."

Anayeshika upawa ni kitu ambacho vitabu vyake vilikiita kiini cha mfumo. Alitueleza mara nyingi mpaka nikaelewa, na mimi ni karani wa barua. Programu haichukui memori yenyewe. Inaomba, na kiini ndicho kinachopakua, kwa vipande vidogo vilivyo sawa, na kwa kila kipande kinaandika kimekwenda kwa nani. Kwa hiyo ukweli wote upo, umeandikwa, ila umeandikwa jikoni, mahali ambapo mlaji haruhusiwi kuingia. Kazi yake yeye ilikuwa kutengeneza kidirisha cha kuchungulia jikoni.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa bure. Aliupata kwenye diski kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa anasoma chuo cha Makumira, pamoja na maandishi yote ya kile kiini, mstari kwa mstari. Aliyachapa kwenye printa yetu, kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni, kwa siku nne mfululizo. Ofisi nzima ilisikia kelele ile mpaka wengine tukaisikia tukiwa nyumbani tunachambua mchele. Akayafunga kwa kamba ya katani, akayabeba mgongoni hadi Akheri, na akaanza kuyasoma.

Aliyasoma akisubiri ng'ombe anywe maji. Aliyasoma kanisani pia, na hilo nalijua kutoka kwa Mama Elinami, aliyesali naye usharika mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kiti chake mbele, na kurasa za kiini alizikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Jumapili moja mchungaji alitaja wimbo, watu wakasimama, na Msimamizi akabaki ameketi akiwa amekodoa macho. Kisha akasema kwa sauti, "Kumbe inarudishwa hapa." Wanawake wawili wa safu ya nyuma waliitikia amina.

Katika ubarikio wa binti wa Mama Elinami, siku ya kipaimara chake, Msimamizi aliombwa aseme neno la kumtia moyo mtoto. Alisema kwa dakika ishirini kuhusu programu ambayo huomba memori na kusahau kuirejesha, inaomba tena na inasahau tena, mpaka siku moja nyumba nzima haina sahani. Mtoto alikuwa amevaa gauni jeupe na alilia. Baadaye alikuja kuwa mhasibu mwangalifu sana, na mama yake anasema chanzo ni hotuba ile.

Lakini siwezi kumweleza vizuri bila kutaja ubalozi. Huko kwao alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu enzi ya chama kimoja, na vyama vilipokuwa vingi hakuna aliyemwambia aache, basi hakuacha. Alikuwa na daftari la wageni. Ukilala kwenye nyumba yoyote kati ya zile kumi, uliandikwa: jina, umetoka wapi, umefikia kwa nani, utakaa siku ngapi. Mashine aliisimamia hivyo hivyo. Kila programu iliyoingia ilikuwa mgeni wa mtu, na mtu huyo alipaswa kujulikana.

Niliwahi kuliona daftari lile, alilileta ofisini kuchora mistari. Lilikuwa na nyumba tisa.

"Mzee, ya kumi iko wapi?"

"Ya kumi ni yangu," alisema. "Balozi hajiandiki." Alisema kwa mkazo wa mtu anayekueleza kwamba jua huchomoza, na mimi nikaona sawa.

Kila siku saa nne kasoro dakika tano printa ilitoa ukurasa mmoja. Aliubandika ukutani juu ya birika la chai: jina la programu, jina la mwenye nayo, kiasi cha memori, wenye kikubwa juu. Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wetu, sikumbuki nani aliuanzisha, kwamba anayeongoza orodha ataosha vikombe vya wote. Hakukuwa na rufaa.

Siku tamu kuliko zote za kazi yangu ilikuwa ile aliyoongoza bosi. Huyu ni yule bosi mnene tuliyemrithi, mtu wa kufunga mlango na kusema yuko kwenye kikao cha simu. Orodha ilitoka, na juu kabisa ikasema: karata. Mwenye nayo: Mkurugenzi. Watu saba walisoma kimya huku wakikoroga sukari. Bosi alitoka, akasoma, akamwita Msimamizi pembeni, lakini pembeni ya ofisi yetu ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye birika.

"Mzee wangu, hayo majina ni lazima yaandikwe?"

"Ndugu Mkurugenzi, mimi sikuandika. Nimeuliza jikoni."

Bosi alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaosha vikombe vinane, na nakiri alivitakatisha. Tangu siku ile alicheza karata za kweli, na tulizisikia zikichanganywa nyuma ya mlango.

Siku nyingine zote aliongoza Mama Elinami. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, mtu wa kazi, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mbegu ngapi zimeota kati ya zile zilizopandwa kwenye trei. Alipima mazao sita: mahindi, maharage, ngano, alizeti, nyanya, vitunguu. Programu yake ya uotaji aliifungua mara sita asubuhi, moja kwa kila zao, akawa anaruka kutoka moja hadi nyingine bila kuchanganya trei. Kwenye orodha zilitokea zote sita, na Msimamizi alizijumlisha kwenye mstari mmoja kwa kuwa mwenye wageni ni mmoja. Mstari ule ulikuwa wa kwanza miaka mitatu. Mama Elinami alinunua glavu zake mwenyewe za kuoshea.

"Lakini Mzee, mimi ni nini nafanya kikubwa hivyo?" aliuliza mara moja. "Nahesabu mbegu tu."

"Mama Elinami, mimi siongezi wala sipunguzi," alimjibu, na kwa kweli aliamini hivyo.

Sasa niseme la kwangu. Asubuhi moja, nikisubiri maji yachemke, nilichukua penseli nikajumlisha orodha nzima pale ukutani. Msimamizi hakuwahi kuweka jumla. Nilipata megabaiti arobaini na saba. Nikarudia, nikapata arobaini na saba. Mashine ilikuwa na thelathini na mbili, hilo lilibandikwa mlangoni kwa maandishi yake, na vilivyohamishiwa kwenye diski orodha haikuvihesabu. Mtu hawezi kugawa mikate thelathini na miwili watu wakala arobaini na saba. Nilielewa palepale kwamba kuna kitu kimekaa vibaya kwenye hesabu ya yule mzee asiyekosea. Na nilielewa jingine pia: kwamba kama mstari wa Mama Elinami ukishuka, mtu mwingine atapanda, na mimi nilikuwa na tabia ya kuacha barua za mwezi mzima zimefunguliwa.

Nikarudisha penseli sikioni. Mama Elinami aliosha vikombe siku hiyo na siku nyingi zilizofuata, na mimi nilikunywa chai yangu. Siku nyingine nilimwambia vikombe vinanukia sabuni.

Mtu huyu alikuwa na mapungufu yake, nisije nikamfanya malaika. Alijua memori ya kila programu lakini hakujua mshahara wake ni kiasi gani. Aliogopa kikokotoo, akisema huwezi kuona kinavyofikiri. Alituhubiria kuweka nakala ya kila kitu, na ufunguo wa chumba cha mashine ulikuwa mmoja tu, uliokaa ndani ya buti yake ya kushoto. Alikuwa mkali kwa mwenye kukosea namba, na ukimwambia yeye amekosea, alisema "nitalitazama" kwa sauti iliyokufanya ujute. Akiwa amekasirika hakugomba. Aliongeza tu heshima. Akikuita "Ndugu mpendwa" ilibidi utafute pa kukaa.

Kisha bosi mnene akastaafu, na wenye kampuni wakatuletea meneja mpya. Alikuwa kijana mpole aliyesoma nje, akisalimia wote shikamoo, hata sisi tusiostahili bado. Alikuja na programu mpya ya kupokea maagizo ya wateja. Programu ile ilikuwa nzito, na memori haikutosha. Msimamizi alimwomba anunue memori zaidi. Meneja alisema "tutaona," na baada ya wiki tukajua maana yake.

Jumatano kwenye chai alisimama mbele ya orodha na kikombe chake.

"Jamani, hii orodha ni nzuri sana. Ni ya wazi. Nimeongea na wenye kampuni. Ijumaa, kazi itakayoongoza hapa itaondoka kwenye mashine. Tutawapa watu wa nje waifanye."

"Na mwenye kazi?" aliuliza Mama Elinami.

Meneja alitazama ndani ya kikombe. "Mama, naye atapewa haki zake zote."

Kupunguzwa, hilo ndilo lilikuwa neno la miaka ile, na kila familia ilikuwa na mtu wake.  Mama Elinami alivaa glavu zake akaosha vikombe, na akavipanga kwa ukubwa kama kawaida. Mtoto wake wa mwisho alikuwa kidato cha tatu. Sikuweza kuvumilia kumtazama mgongo.

Nilimfuata Msimamizi chumbani kwake, nikavua viatu mlangoni.

"Mzee, jumla ya orodha yako inazidi mashine."

Alikuwa amenipa mgongo. "Nitalitazama, Ndugu mpendwa Mwanaidi."

Mara nyingine yoyote ningeondoka. Siku ile niliketi juu ya sanduku la karatasi. "Nyumbani kwetu siku ya Idi tunakula pilau kwenye sinia, watu sita. Mtu akija akamuuliza kila mmoja, mbele yako kuna nini, kila mmoja atasema kuna sinia zima. Na hatakuwa amedanganya. Sasa yule mtu akiandika, ataandika masinia sita."

Akageuka. "Na jikoni?"

"Jikoni limetoka moja."

Akavuta kiti, akakaa. Mashine ilikuwa inanguruma kati yetu.

"Kwetu," alisema mwishowe, "kila mtu ana sahani yake." Alilisema kwa unyonge, kama anaeleza chanzo cha ajali. "Ile programu ya Mama Elinami ni moja. Ameifungua mara sita. Kiini hakikuipakua mara sita, Mwanaidi. Kiliiweka katikati, na zote sita zinachota. Mimi nikamuuliza kila mmoja ana nini mbele yake." Akatafuta kurasa zake zilizofungwa kwa kamba, akalamba kidole, akafunua. "Ipo hapa. Kila kipande cha memori kina namba pembeni: wangapi wamekishika. Nimeisoma namba hii nikiwa nimekaa kanisani. Sikujua ni ya nini, nikairuka."

Alhamisi hakutoka mle chumbani hata kwa chai. Alikuwa anaandika upya: kwa kila kipande, aangalie wamekishika wangapi, kisha kila mmoja aandikiwe fungu lake tu. Kipande cha watu sita, kila mmoja sehemu ya sita. Ijumaa saa tatu aliniita. Orodha mpya ilikuwa kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza aliweka jumla chini yake. Mama Elinami alikuwa ameshuka hadi nafasi ya tano. Nilitaka kupiga vigelegele.

Kisha nikaangalia juu. Aliyeongoza nilikuwa mimi, na barua zangu zote nilizoziacha wazi.

 Nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani na mume aliyekuwa akitafuta kazi tangu kiwanda chao kifungwe. Nilifikiria kukimbia nikazifunge zile barua, lakini orodha ilishachukuliwa, na yeye hakuwa mtu wa kuichukua mara mbili.

"Jumla bado haitimii," alisema, kama hajaniona. "Sasa imepungua, inafika ishirini na tatu. Lakini mashine imejaa. Yako wapi megabaiti tisa?"

Alisogeza maandishi kwenye skrini hadi kwenye mstari mmoja, akauwekea kidole. Ulikuwa mfupi.

"Mstari huu unasema: ukikutana na orodha yenyewe, iruke. Niliuandika siku ya kwanza. Inabeba majedwali ya vipande vyote, kutwa nzima, haishuki kamwe. Balozi hajiandiki." Akanitazama, nami nikajua anajua kila nilichokuwa nafikiri. "Nikiuacha, wa kwanza ni wewe."

Nilitakiwa kusema, uache, Mzee. Nimejiambia mara nyingi jinsi ambavyo ningesema. Sikusema chochote.

"Na mimi nakula, Mwanaidi," alisema, akaufuta.

Saa nne kasoro dakika tano printa ikatoa ukurasa. Juu kabisa: orodha. Mwenye nayo: Msimamizi. Megabaiti tisa. Akaubandika kwa mkono wake, akageuka, na mbele ya wote akasema kwa sauti ya matangazo kwamba kwa miaka mitatu amehesabu vibaya, kwamba Mama Elinami hakuwahi kustahili kuosha kikombe hata kimoja, na kwamba anaomba radhi. Kisha akavua koti la kijivu, akaomba glavu.

"Hizi ni namba saba, hazikuingii," alisema Mama Elinami. Machozi yalikuwa yanamtoka. Msimamizi akaosha vikombe kwa mikono mitupu, akavunja viwili.

Meneja mpya alisoma orodha mara kadhaa. Hakuwa mtu mbaya, ninataka hilo lieleweke, ila alikuwa amesema mbele ya watu, na wenye kampuni walikuwa wanasubiri jina. "Mzee, kwani hii orodha ikiondoka, wewe unabaki na kazi gani?"

Kazi zake zilikuwa nyingi kuliko za sisi sote, lakini iliyoonekana ukutani ilikuwa hiyo moja. Msimamizi alifuta mikono kwa leso yake. "Ndivyo ulivyosema, Ndugu Meneja. Itakayoongoza."

Mwisho wa mwezi alitoa ufunguo kwenye buti ya kushoto, akaiaga mashine kwa mkono juu ya kifuniko, akapanda mlimani. Programu ya maagizo iliingia vizuri katika zile megabaiti tisa. Baada ya miezi mitatu mashine ilisimama kabisa, na meneja mwenyewe alipanda Akheri kwa gari kumbembeleza. Mzee alishuka, akavua buti, akaitengeneza kwa siku moja, na hakutaka kunywa chai.

Nilichelewa sana kwenda kumwona. Miaka ilipita, kampuni ikauzwa tena, mashine ikaenda kwa mnunua vyuma. Nilijipa sababu nyingi, mvua, watoto, umbali, na zote zilikuwa za uongo. Mwaka juzi Mama Elinami, ambaye sasa amestaafu, aliniambia, "Jumamosi napanda kwa Mzee. Na wewe unapanda." Hakuniuliza.

Tulimkuta kwenye kibaraza, amepungua mwili, kofia ileile. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Ndugu Mwanaidi, karibu," kama tulioachana jana. Mkewe alileta birika kubwa na vikombe vitatu, akaenda kwenye kikao cha wanawake. Tukanywa chai, tukaongea habari za magonjwa. Kisha akatoa daftari chini ya mto wa kiti. Bado alikuwa balozi. Nilichungulia: nyumba zilikuwa kumi, na ya kwanza ilikuwa yake. Akatuandika chini yake, wageni wawili, akainua birika kupima uzito wake, akaandika mbele ya kila jina, na mbele ya lake mwenyewe: theluthi ya birika.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikasema yote. Kwamba nilijumlisha ile orodha mwaka mzima kabla, nikaona kosa, nikanyamaza kwa sababu ya vikombe. Kwamba na ile Ijumaa pia nilinyamaza. 

Msimamizi alifunga kalamu yake. "Nilijua. Uliandika arobaini na saba kwa penseli pembeni ya ukurasa, ukasahau kufuta. Niliubandua kabla wengine hawajaiona." Akatazama buti zake. "Nikajiambia nitalitazama. Mwaka mzima nilikuwa nalitazama."

 Kuku mmoja alipita kibarazani, akafikiria, akarudi.

Mama Elinami aliweka kikombe chake chini taratibu. Alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Mwaka mzima," alisema. "Nyinyi wawili." Kisha akakusanya vikombe vyote vitatu kwenye sinia, akalisukuma mpaka katikati yetu, akaegemea kiti na kufumba macho.

Tulikwenda kwenye bomba la nyuma, mimi na Msimamizi, yeye akiwa ametangulia na sinia. Vikombe vitatu, watu wawili. Aliosha kimoja, nikaosha kimoja. Cha tatu alikisugua ndani, akanipa nikasugua nje.